Aba, Hukumaliza Kutafsiri

Kwako Aba, uliyelala kule nje ya mji ambako upepo haupumziki,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na ni mara ya kwanza nakuandikia. Naiandika barua hii wazi, aisome anayetaka, kwa sababu watu wa Isiolo wameshaanza kusema kwamba binti yako amekosa adabu, anataka kulianika jina la babake mbele ya watoto wa shule. Wengine wamenipigia simu kunionya. Wengine wananisalimia shingo upande tukikutana sokoni. Basi kabla hawajakufikishia habari kwa njia zao, nakuletea mimi mwenyewe, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu hasemwi pembeni. Anaitwa, anasimama, anaambiwa kosa lake, kisha anasikilizwa. Ndiyo maana nimekuita.

Usiudhike. Si mara ya kwanza nakushtaki, na ile mara ya kwanza ulisimama bila kulazimishwa.

Wasiokujua nao wajue. Ulikuwa karani wa korti hapa Isiolo, na kazi yako kubwa ilikuwa kutafsiri. Juu alikaa hakimu, ambaye mara nyingi alikuwa mtu wa kuja, anajua Kiingereza na Kiswahili. Chini alisimama mchungaji wa ngamia kutoka Sericho au Garbatulla, anajua Kiborana peke yake. Katikati ulikuwa wewe, na koti lako la kahawia ambalo kifungo kimoja hakikufanana na vingine. Mtu alipoongea uliangalia sakafu. Alipomaliza uliinua kichwa ukayatoa maneno yake yote kwa mpangilio wake mwenyewe, na matusi yake, na viapo vyake, na hata pale alipojisahau akaanza kumsifu ngamia wake kwa jina. Mawakili walikasirika kwa muda uliochukua. Hukujali. "Mtu akisema dakika tano na mimi nikisema nusu dakika," ulikuwa ukituambia nyumbani, "nimemwibia, na yeye ameniona nikimwibia."

Ndiyo maana kwetu watoto hawakuchapwa kabla ya kesi. Jumamosi baada ya chai ya saa kumi mama alitandika mkeka, ukaazima mwiko wake ukawa nyundo ya hakimu, na kila aliyekosa wiki hiyo akaitwa. Unakumbuka kesi ya mbuzi? Alikuwa amekula insha yangu, kurasa mbili ambazo mwalimu alikuwa amezisifu mbele ya darasa, na mimi nilikuwa nalia nikitaka achinjwe. Ulimfunga mbuzi kwenye mguu wa meza ukauliza mshtakiwa anasema nini. Nikasema, "Aba, huyu ni mbuzi." Ukasema, "Naona. Kwa hivyo hana mkalimani, na kesi haiendi bila mkalimani. Nani hapa anajua Kimbuzi?" Nikainua mkono. Nikainama kwenye sikio la mbuzi, nikarudi nikasema mshtakiwa anadai ile insha haikuwa nzuri hivyo, mwalimu aliipa sifa za bure. Mama alicheka hadi akashika ubavu. Wewe ulikunja uso kwanza. "Hiyo umeongeza," ulisema. "Mkalimani hapunguzi, na haongezi." Kisha ukacheka na wewe, na mbuzi akaachiliwa.

Kuanzia siku hiyo nikapenda korti kuliko peremende. Kila likizo nilijitolea kukuletea chakula cha mchana kazini, ili nipate kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, nisikilize. Askari wa pale walinizoea wakaniita mheshimiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile. Unajua ni siku gani.

Aliletwa msichana kutoka upande wa Sericho, mkubwa wangu kwa miaka minne hivi, jicho lake la kushoto limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Jina lake nalishikilia kwanza. Nitaeleza kwa nini. Mtu mmoja mwenye mifugo mingi alimpiga kwa fimbo kisimani juu ya zamu ya kunywesha, na jicho likaenda. Kesi ilikuwa imefunguliwa, mashahidi wapo. Lakini wiki hiyo wazee walikuwa wameshakaa maslaha, upatanisho wetu ule wa nje ya korti. Ngamia walikuwa wamepelekwa kwa baba zake wadogo, na wazee wakaja mjini wamevaa vizuri kuomba kesi iondolewe. Mbele yao wote alikaa ndugu yako, baba mkubwa Guyo, na kofia yake na bakora yake.

Hakimu hakutaka kuiondoa hivi hivi. Alimgeukia msichana akamuuliza kama na yeye amekubali. Ukamtafsiria swali. Na msichana akaongea. Aliongea kwa muda mrefu, Aba. Alitaja kisima, akataja zamu, akaonyesha kwa kidole mahali fimbo ilipotua. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja. Mwishoni aligeuza kichwa akakuangalia wewe badala ya hakimu, akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho mimi kule nyuma sikukipata. Uliangalia sakafu kama kawaida yako. Ukainua kichwa. Ukasema, "Mheshimiwa, anasema amekubali. Wameshasameheana."

Hakimu akaandika. Muhuri ukagongwa. Msichana hakujua Kiswahili, lakini mtu hahitaji kujua lugha ili ajue maneno yake yalikuwa mengi na yako yalikuwa machache. Alikukazia lile jicho lake moja hadi walipomwongoza nje. Na mimi nilikuwa nimepakata chupa ya chai yako, nakukodolea macho yangu yote mawili. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na haikuwa yangu.

Jumamosi mkeka ulipotandikwa nilichukua mwiko kabla yako. Nikasema, "Mshtakiwa asimame." Ndugu zangu wakaangaliana, kila mmoja anajikagua. Nikakuelekezea wewe ule mwiko. Mama akafoka, "Wewe mtoto una wazimu? Huyo ni babako!" Na ni wewe, Aba, uliyemnyamazisha mama. Uliinuka ukasimama ukingoni mwa mkeka, mikono nyuma, kama nilivyowaona watu wengi wakisimama mbele ya hakimu. Nikakuuliza kama unakubali kosa au unakataa. Ukasema, "Nakubali." Ukaeleza kwamba Guyo na wazee walikuja kwako siku moja kabla, wakasema msichana huyo akisikilizwa, koo mbili zitapigana kisimani, na damu yao itakuwa juu ya ulimi wako. Ukaogopa. "Nikajiambia ni maneno tu," ulisema, na ukaangalia sakafu.

Sikujua hukumu ya kukupa. Nilikuwa mtoto, na hukumu nilizozijua zilikuwa kufagia ua na kukosa sukari kwenye chai. Nikasema, "Tafsiri tena."

Ukaomba daftari langu la shule, ukachana kurasa nne. Ulikaa mkekani hadi adhana ya magharibi ukiandika alichosema, kwa kile Kiswahili chako cha korti, bila kufuta neno. Sote tulikaa tukikutazama. Ulipomaliza ulikunja karatasi ukasema Jumatatu utampelekea hakimu.

Hukumpelekea. Niliingoja Jumatatu hiyo, na iliyofuata. Baada ya mwezi uliomba kuhamishiwa chumba cha mafaili, na watu wakakupongeza wakidhani umepandishwa cheo. Hukutafsiri tena hadi ulipostaafu. Mkeka wa Jumamosi nao ulikunjwa, ukawa wa kuanikia mahindi. Badala yake ulianza kuniletea vitabu: riwaya, tamthilia, hadithi za kesi za nchi za mbali, kila ulichokiona kwa wauza mitumba chenye neno haki au hukumu kwenye jalada. Hukuweza kuongea nami juu ya siku ile, ukawa unatuma watu wa vitabuni waje waongee nami. Nilikukasirikia na nikavisoma vyote. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na ninakupenda, na sioni kwa nini nichague moja.

Sikuwa wakili kama ulivyotarajia. Nafundisha Kiswahili na fasihi katika shule ya sekondari ya wasichana, hapa hapa mjini. Ila kila Jumatano baada ya masomo tunakaa, wasichana ishirini na kitu, kwenye klabu tuliyoiita Korti ya Mkeka. Vitabu vyako ndivyo maktaba yetu, na vingine vimeshapoteza majalada kwa kushikwa. Kila hadithi tunayosoma tunaifungulia kesi upya. Mwizi wa riwaya anapewa wakili, mama wa kambo anapewa nafasi ya kujitetea, na mfalme anaitwa kizimbani kama mtu mwingine yeyote. Muhula uliopita tulitundika shuka kwenye ukuta wa ukumbi tukatazama filamu ya mwanamke anayekwenda ofisini siku baada ya siku kudai shamba lake. Nilidhani watamlilia. Wao wakamkasirikia aliyeitengeneza filamu. "Mwalimu, mbona hatuonyeshwi uso wa karani?" mmoja akauliza. "Si yeye ndio anaficha hiyo faili?" Nilikohoa nikawasha taa.

Vituko pia wanavyo. Korti yetu ya kwanza, msichana mmoja alikuja na nywele za bandia za hakimu alizoshona kwa manyoya ya kondoo, zikajaza darasa zima harufu. Nikamwambia hakimu wa Isiolo havai kitu kama hicho, kwa jua hili angezimia kabla ya ushahidi. Akanijibu, "Lakini hakimu wa kwa filamu huvaa, mwalimu." Sasa hayo manyoya huvishwa yeyote anayechelewa kufika klabuni, na tangu hapo hakuna anayechelewa.

Zile karatasi nne nilizipata tulipokuwa tukigawa nguo zako, kwenye mfuko wa ndani wa koti la kahawia. Ulikuwa umezibeba miaka yote hiyo, kumbe. Mikunjo yake ilikuwa imelainika kama kitambaa. Nilikaa nazo mwaka, nikakaa nazo wa pili. Muhula huu nikawasomea wasichana, bila jina la mtu, na kabla sijakunja ukurasa wa mwisho walikuwa wameshaanza kugawana nafasi. Habiba, ambaye nyumbani kwao ni Garbatulla, akachukua nafasi ya msichana wa kisimani. Nafasi ya mkalimani, yaani yako, ikamwangukia Nkatha, binti wa mfanyabiashara wa miraa kutoka Meru, kwa sababu hakuna anayeshika maneno kama yeye. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja na karatasi yake amenuna.

"Mwalimu, Habiba ameongea ukurasa mzima," alisema. "Mimi mbona nimepewa mstari moja tu? Nipewe zote, nitazishika."

Alidhani namdharau kwa sababu si Mborana. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki. Niliporudi nikawaambia tutaiigiza kesi hii mara mbili: kwanza kama ilivyokuwa, na mstari mmoja, kisha tena, na Nkatha ataisema yote.

Hapo ndipo maneno yalipofika mjini. Mwalimu mkuu wetu, mama mwema ambaye huogopa bodi ya shule kuliko simba, aliniita ofisini akanimiminia chai. "Si mubadilishe tu huko mwisho?" akaniambia. "Huyo msichana asamehe, watu wapige makofi, twende nyumbani." Nikamjibu, "Madam, hivyo ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza." Akahema. Akasema yeye hajaona wala hajasikia, lakini siku hiyo ukumbi utakuwa na kufuli.

Na baba mkubwa Guyo, ambaye sasa yuko kwenye hiyo bodi, alikuja nyumbani Jumanne. Amezeeka, Aba, lakini bakora ni ile ile. Alitoa salaam, akakaa, akakataa chai.

"Nasikia unafundisha watoto kuhukumu wazee," alisema.

"Nafundisha fasihi, baba mkubwa."

"Fasihi gani hiyo ya kufukua kaburi ya ndugu yangu?"

"Sijafukua kaburi. Niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti."

Nikamwonyesha karatasi. Aliujua mwandiko wako. Hakuzishika. Akasema jambo ambalo sitalipunguza, maana ni haki yake: "Wewe ulikuwa mtoto. Hiyo kesi kama ingeendelea, vijana wangeuana pale kisima. Sisi ndio tulizuia. Iko watu wazima leo, wako na watoto, juu ya ile maslaha. Hao utaweka kwa mchezo yako?"

"Nitawaweka," nikamwambia. "Wazee wana wakili wao, msichana mkali sana, na atayasema hayo yote. Ukitaka, njoo uyaseme mwenyewe. Nafasi ipo."

"Mimi nicheze na watoto?"

"Msichana yule alikuwa mtoto pia, na mlimchezea."

Samahani, Aba. Hivyo sivyo mtu anavyoongea na baba yake mkubwa, na mama angekuwa hai ningelala na njaa. Lakini nilisema, na sirudishi. Aliinuka akaniambia baada ya wiki mbili bodi inakaa, klabu itafungwa, na mimi nisishangae nikipelekwa shule ya mbali nikafundishe mchanga. Mlangoni aligeuka. "Jina ya babako itatupwa huko sokoni kila mtu akanyage. Hiyo ndio unataka?"

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua na mimi. Wewe ndiye mkalimani aliyekumbukwa kwa kutopunguza. Watu wazima hunisimamisha barabarani kuniambia jinsi ulivyowatetea mababu zao kwa kusema tu walichosema. Na mimi ndiye ninayeshika karatasi inayosema kwamba siku moja, mbele ya mtu asiye na mwingine wa kumsemea, ulipunguza.

Kesho yake, Jumatano, niliingia klabuni nimepandwa na mori. Nikawaambia wasichana ukumbi umefungwa, na bodi imekasirika, na sisi tutaigiza Ijumaa ya wiki ijayo kwenye uwanja wa netiboli, wapende wasipende. Wakapiga makofi na meza. Habiba hakupiga. Alingoja kelele ziishe.

"Mwalimu," akasema, "na yeye mwenyewe ameulizwa?"

"Nani?"

"Huyu mimi namuigiza."

Aba, nilisimama pale na chaki mkononi. Nilikuwa tayari kupigana na bodi, na ndugu yako, na mji mzima, kwa ajili ya mtu ambaye sikuwa nimemuuliza neno. Wazee walikaa bila yeye wakampatanisha. Mimi nilikaa bila yeye nikamtetea. Kweli mimi ni wako.

Jumamosi alfajiri nilidandia gari la wafanyabiashara wa mbuzi linaloelekea Garbatulla. Ile barabara hata wewe hukuipenda. Nilikuwa nimepewa habari na nyanyake Habiba kwamba yule msichana wa kisimani, sasa mama mtu mzima, aliacha Sericho zamani, mifugo ilipokwisha, na sasa anauza chai na maziwa ya ngamia karibu na soko la mifugo. Sikupata shida kumjua. Alikuwa akimimina chai bila kuangalia kikombe, kichwa amekiinamisha upande wa jicho zima. Nilimwambia nagaa, naye akaitika nagaa, amani, kisha akaniangalia sana.

"Wewe ni wa yule karani," akasema. "Umechukua uso wake."

Tuliongea Kiborana, hapa ninatafsiri, na sijapunguza. Nilimwambia nilikuwa benchi la nyuma siku ile. Nilimwambia juu ya mkeka, na mwiko, na hukumu yangu. Nilimwambia ulirudia kutafsiri ukaandika, na kwamba karatasi haikufika popote. Nilimwambia wasichana wangu wanataka kuiigiza, na kwamba nimekuja kumuuliza, na akikataa narudi nazichoma zile karatasi. Akafuta mikono kwenye leso. "Soma," akasema.

Nikamsomea maneno yake mwenyewe, kutoka kwenye Kiswahili chako kurudi kwenye lugha aliyoyasemea:

"Mimi sikuulizwa. Zamu ilikuwa yangu. Mbuzi wetu walikuwa na siku mbili hawajanywa, na nilikuwa nimengoja tangu jua linatoka. Akaja na ngamia wake akanisukuma, nikarudi. Akanipiga mgongoni, nikaanguka, nikainuka nikarudi, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na kila mtu pale alijua. Mara ya pili alilenga uso. Sasa nasikia ngamia wameletwa nyumbani. Mimi sikuomba ngamia. Ngamia hao hawataona kwa niaba yangu. Nimekuja hapa kwa sababu nataka huyu mtu aseme mbele ya watu kwamba zamu ilikuwa yangu. Hilo tu. Akisema, mimi nitarudi nyumbani na jicho langu moja, na sitamfuata tena."

Wateja wawili walikuwa wamekuja, wakaona uso wake, wakaondoka wenyewe. "Amekumbuka hata siku mbili za mbuzi," akasema. "Soma tena." Nikasoma tena. Akatikisa kichwa.

"Haijaisha. Mwisho hakuuweka."

Nikamwambia kurasa ni nne na nimezisoma zote.

"Hakuuweka," akasema. "Mimi nilimgeukia yeye. Huyo hakimu sikuwa na haja naye tena, nilikuwa nimemaliza naye. Nikamwambia babako: na wewe unayenielewa, mwambie yote."

Ndiyo hiyo sauti ya chini ambayo sikuisikia. Nilikiona kichwa chake kikigeuka, Aba. Uliandika kila kitu, na zamu, na jua, na mbuzi, ukaacha mstari mmoja tu: ule uliokuwa wako. Hata mkekani mbele yetu, baada ya kukubali kosa, hukuweza. Sijui kama nikukasirikie upya au nikulilie. Nilifanya yote mawili palepale kwenye benchi la chai, na yeye akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Nilipotulia nikamuuliza anasemaje. Akasema, "Igizeni. Lakini msiniite msichana fulani. Mimi ni Kabale. Jina langu liliandikwa kwenye ile karatasi ya kusema nimekubali, liandikwe na kwenye hii." Nikamuuliza kama atakuja. Akasema biashara haina mtu wa kumwachia, na barabara nimeiona mwenyewe, ila akipata lori atakuja, na asipopata tuseme kwa sauti. Alikataa kuchukua chochote. Chai pia alikataa nimlipe.

Basi sasa mji wote unajua, na wewe unajua. Anaitwa Kabale, na zamu ilikuwa yake.

Kesho ndiyo Ijumaa. Baada ya swala tutakuwa kwenye uwanja wa netiboli, chini ya jua, na mkeka wa mama katikati, ule ule, nimeukung'uta mahindi. Baba mkubwa Guyo sijui kama atakuja. Nimemwekea kiti mbele. Jumatatu bodi itakaa. Wafunge klabu, tutakaa kwangu. Wanipeleke huko mchangani, nitaenda na mwiko. Na mtu akija kuniambia nimelitupa jina la babangu sokoni, nitamwambia jina hilo ni langu pia, na mimi ndiye najua uzito wake. Sijakutoa kwa watu wakukanyage. Nimekutoa usimame, kama ulivyosimama mbele ya watoto wako, siku ambayo hakuna baba mwingine katika mji huu angesimama. Hiyo nayo itaigizwa. Sikuipunguza.

Ulinifundisha kwamba mkalimani haongezi. Leo nimechukua kalamu nikaandika mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa wako wa nne, kwa mwandiko wangu, na Nkatha ameshaushika. Sijaongeza kitu, Aba. Mstari huo ulikuwepo tangu siku ile, na wewe uliusikia kuliko mtu yeyote.

Lala salama. Ila kesho saa tisa usilale. Nkatha akimaliza yote ataugeukia upande ule ulikolala, akufikishie wewe, mkalimani wa siku ile, ujumbe wa Kabale:

"Na wewe unayenielewa, mwambie yote."

Ni mimi binti yako,
wa benchi la nyuma.